Papa Djuma na Kazi ya Kukalia Mikono

Miaka makumi mbili na moja njo hiyo. Papa Djuma Mashaka aliingia kazi mu Maison Tundu, hapa Butembo, mwezi wa pili 2004. Anatoka leo ijumaa, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 2025, kisha swala ya adhuhuri, na viatu yenye inang'aa kupita taa ya pikipiki. Mutu mwenye alifikiri ataondoka kimya-kimya atulie. Papa Djuma hajafanyaka kitu kimya-kimya tangu azaliwe.

Mama Marie-Jeanne, mwenye maison, aliuliza nani ataandika wasifu hii. Batu bote ya bureau baliangalia chini, sawa vile mwalimu anatafuta mutu wa kwenda ku tableau. Mimi niliangalia juu, basi ikawa mimi. Masomo yangu ilikomea secondaire ya tatu, mais picha zote za pièce, ni kusema sarafu, zenye munaonaka mu catalogue yetu nilipiga mimi, na mutu mwenye anajua kupiga picha ya kitu kidogo sawa kucha hawezi kushindwa kuandika juu ya mutu mukubwa. Tuendelee. Leo si siku yangu.

Kwa bageni benye wamekuja paka juu ya pilao: Maison Tundu inanunua sarafu za zamani. Ile za tundu katikati, za wakati ya Babelgiji, zenye bakoko, babu na bibi zetu, balikuwa banafunga ku kiuno ya batoto. Ile ya pembe sita ku ukingo yenye iko na picha ya nzovu, ni kusema tembo. Na mukubwa wao bote, nzovu ya feza ya 1944, yenye ukiipata unaita kwanza jirani ashuhudie. Bamama banazitoa chini ya masanduku, balimaji ya Oicha banazifukua mu mashamba ya kakao, sisi tunazitafutia batu benye kuzipenda ku ngambo. Jina ya maison ilitokea ku ile tundu. Batu benye kusema ilitokea ku mifuko yetu, tunabajua, na leo pia tunabakaribisha.

Papa Djuma ni mutoto wa Beni, commune ya Beu, mu jamaa ya batu ya magari. Akiwa kijana, starehe yake ilikuwa pare-chocs, ile chuma ya mbele, ya lori ya mujomba wake. Aliisugua asubui, aliisugua ku barrière, aliisugua wakati gari imekwama mu matope na bengine banasukuma. Banasema maaskari ya barrière balikuwa banatengeneza kwanza kofia yao mu ile pare-chocs, kisha njo banauliza karatasi. Siku moja Mama Marie-Jeanne alijiona mu ile chuma, mbele ya soko, alijiona mupaka ku hereni. Aliuliza nani aliing'arisha. Kesho yake Papa Djuma alikuwa na kazi Butembo.

Kazi ilikuwa hiyo moja: kung'arisha. Pièce iliingia asubui rangi ya kahawa, ilitoka jioni inacheka. Ndimu, majivu, dawa ya meno, kitambaa, na mukono. Bageni benye balikuwa banatafuta kitu ya kupeleka kwao baligombana juu yake. Batu balimuita Papa Brillant, Papa wa Kung'aa, naye hakukataa. Rafiki, alikuwa anaitikia mbele haujamaliza kuita.

Tusicheke sana. Kwetu kitu ya heshima haitokaki na uchafu. Hauwezi kupeleka mutoto ku misa, wala ku musikiti, na kamasi ku pua. Papa Djuma aliona pièce vile: inaenda safari, basi ioge.

Mu 2017 Mama Marie-Jeanne aliamua maison ikomae. Ku ngambo kuko nyumba za kupima sarafu. Unatuma pièce, mabingwa banaiangalia na kioo ya kukuza, banasema kama ni ya kweli, banaipa daraja, namba yenye inaishia ku 70, kisha banaifunga mu kasanduku ya plastiki ngumu yenye hakuna mutu atafungua. Pièce yenye iko na namba inatembea dunia muzima bila kuulizwa. Donc tulichagua nzuri zetu zote, Papa Djuma alizisugua mupaka zikaomba huruma, kifurushi kikapita Kasindi, kikapita Kampala, kikapanda ndege.

Kilirudi. Kila pièce ndani ya kasanduku yake, muzuri sana. Namba haikuwako. Ku kila kasanduku kulikuwa paka neno moja ya kifaransa: « Nettoyée ».

Mama Marie-Jeanne alisoma kwa sauti. Imesafishwa! Ku ngambo bameona usafi ya Butembo! Sucré, ile soda ya sherehe, ilifunguliwa, batu balipiga makofi, Papa Djuma alisimama ku kiti na kutoa hotuba. Alisema: « Bakubwa ya dunia bametafuta namba ya kunipa, bameikosa, bameandika paka ukweli. » Mimi sikukuwa bado kazini, mais hotuba ile ningeikariri bila kukosa, juu Mama Marie-Jeanne anatuigiziaka kila mwaka, na kiti pia.

Kisha simu ikalia. Ilikuwa muzee Maliro, mutoto wa Butembo mwenye anaishi Bruxelles na anakusanya sarafu tangu ujana. Aliuliza munakunywa sucré ya nini. Bakamuelezea. Akasema: « Mama, ile neno ku pièce ni sawa marehemu ku mutu. Munasherehekea kilio. »

Sucré ilishuka vibaya siku hiyo.

Maliro alielezea polepole. Sarafu iko na ngozi. Siku inatoka ku kiwanda inakuwa na mistari midogo-midogo yenye inafanya mwangaza uzunguke ukiizungusha. Majivu na ndimu havitoe uchafu tu, vinatoa ngozi. Inabaki kung'aa, ndiyo, mais ni kung'aa ya kidonda. Mabingwa banaona mikwaruzo ya kitambaa sawa sisi tunaona njia ya ng'ombe mu majani. Pièce ya vile haipewe namba milele.

Papa Djuma alimusikia. Hakumuamini sana, juu mutu hawezi kuvua shati ya ujana wake mu siku moja. Ikafika 2019, wakati wa Ebola. Munakumbuka: ndoo ya chlore ku kila mulango, hakuna kupeana mukono, mutu anasalimia na kiwiko. Maison Tundu ilikuwa na lave-mains, fasi ya kunawia mikono, ya mfano. Pièce zilifika toka Beni, zimepita mu mikono mingi. Papa Djuma aliahidi hatasugua, na kweli hakusugua. Alizitumbukiza zote mu ndoo ya chlore. Alisema nzovu nazo ni raia, zifuate mashauri ya waganga.

Feza na chlore havipatanake. Kisha siku mbili-tatu nzovu zilikuwa nyeusi sawa makaa. Tulizituma hivyo, kwa matumaini ya kizaire kabisa, zikarudi bila namba, na safari hii nyumba ya kupima iliongeza ujumbe: mara ya tatu ikirudia, haitapokea tena kitu chochote chenye kutoka kwetu. Mulango utafungwa, na Maison Tundu irudie kuuzisha zawadi ku bapita-njia.

Hapo kila mutu alifanya hesabu yake kimoyomoyo. Kazi ya kung'arisha imekufa. Na mwenye kuifanya? Bamoja ku bureau baliisha kuangalia kiti yake na kupima kama itabaenea. Mama Marie-Jeanne alimuita, akamuambia kwa upole kwamba Beni iko karibu, na mujomba bado iko na magari. Papa Djuma alijibu kwa sauti yenye jirani balisikia: « Mama, mikono hii njo iliharibu jina ya maison. Ukiifukuza leo, itaenda na jina. Uiache ibaki mupaka iirudishe. » Mama alimuacha. Alimupa mupaka kifurushi chenye kufuata. Batu bote tulijua: kikirudi na neno, Papa Brillant anapanda gari ya Beni, na mulango wa ngambo unafungwa nyuma yake.

Njo mwaka niliingia mimi. Sisemi maison ilianza kuendelea juu yangu. Ninasema tu tarehe.

Nilimukuta anajifunza upya, mutu wa ndevu nyeupe, kila siku ku simu na Maliro, anabisha, anakubali, anabisha tena. Mu ile kubishana alitoka na maneno yenye leo tumepaka ku ukuta: « Taka ni mugeni, rangi ya uzee ni mwenye nyumba. Mugeni unamusindikiza na adabu. Mwenye nyumba hapana kumugusa. » Maana yake: kuko kitu yenye imekuja kukaa juu ya sarafu, mafuta, gundi, jasho, maji ya kakao. Hiyo iko na njia ya kutoka bila kupigana. Na kuko rangi yenye chuma yenyewe imezaa mu miaka yake. Ukiondoa hiyo, umechuna mutu.

Ilibaki kumujaribu. Mama Victoire njo alileta mutihani.

Alikuwa anauzisha biazi, anashuka nabyo toka Alimbongo. Alifika na nzovu ya feza ya 1944, urithi wa baba yake. Bandugu yake balimucheka miaka yote: ile ni bati, muzee alibadanganya, tuitoboe tumufungie mutoto. Mama Victoire hakutaka kuiuza. Alitaka mutu mwenye anajua aseme baba yake alikuwa na kitu ya kweli. Na juu ya heshima aliichunga fasi ya heshima kupita zote mu nyumba: ndani ya plastiki ya carte d'électeur, ile kadi ya uchaguzi. Munajua Butembo. Kitu tunapenda, tunakivika plastiki: diplome, picha ya ndoa, ata kiti ya mugeni. Mais ile plastiki laini inatoka jasho. Miaka kumi mu joto ya sanduku, jasho ile ilikuwa imeshika nzovu mugongo muzima: kijani, inanata, sawa kamasi ya mutoto mwenye homa. Na hiyo kamasi inakula chuma polepole. Ukiituma nayo, hakuna namba. Ukiisugua itoke, hakuna namba. Na hakukuwa pièce ingine ya uzito ile mu kifurushi.

Papa Djuma alitafuta asetoni safi, ya maabara, si ile ya marashi yenye badada banapanguzia kucha, juu ile iko na mafuta na inaacha mugeni muingine. Aliweka nzovu mu bilauri ya kioo, akamimina, akafunika. Dirisha wazi, hakuna moto karibu. Kisha akakaa mbele ya ile bilauri.

Na mukono ukaenda ku kitambaa.

Niliuona na macho yangu. Mukono wa kuume ulitoka peke yake, sawa mbuzi yenye inajua njia ya shamba ya jirani. Papa Djuma aliuangalia, akaurudisha, akauweka chini ya paja. Wa kushoto ukatoka. Akauweka chini ya paja ingine. Akabaki pale, amekalia mikono yake miwili, uzito wake wote juu, na munamuona vile iko na uzito.

Mama Victoire alivumilia, akashindwa. « Papa, hauisugue? »

« Ninaisugua na macho, Mama. »

« Eh! Nimeacha biazi yangu ku jua juu nione fundi, nakuta mutu amekaa sawa mutoto wa shule mwenye amepigwa fimbo ya mikono. »

« Fimbo yenyewe nilijipiga, Mama. Ukae. Mugeni anaaga. »

Na kweli alikuwa anaaga. Ile kijani ilianza kulegea, ikatoka nyuzi-nyuzi sawa majani ya chai mu maji ya moto. Alibadilisha asetoni, akakalia mikono. Akabadilisha tena, akakalia mikono. Kutoa pièce, aliishika paka ku ukingo, akailaza ku kitambaa laini, akaiacha ikauke yenyewe. Hakuipanguza. Ninaandika tena, juu najua benye kumufahamu hawataamini: Papa Djuma Mashaka iko na kitambaa, iko na feza mbele yake, na hakuipanguza.

Nzovu ilitoka na rangi ya mawingu ya asubui, kijivu na ka-dhahabu kidogo ku masikio. Haikung'aa. Ilikuwa nzuri mupaka nikasahau kupiga picha, mimi mwenye sisahauke.

Kifurushi kikaenda. Juma zikapita, Papa Djuma akakonda ku mashavu, ku tumbo hapana. Siku kilirudi, hakukubali kukifungua. Alikaa ku kona na mikono yake fasi yao mupya. Mama Marie-Jeanne alikata kamba, akatoa nzovu mu kasanduku yake, akaigeuza mara mbili, akapiga kelele sawa mutu ameumwa na nyuki: « Hakuna neno! Batu yangu, hakuna neno! »

Kulikuwa namba. Makumi tano na munane.

Ku 70! Hesabu yenyewe muifanye, mimi niliisha kuifanya: inapita asilimia makumi munane. Ku shule yangu hakuna mutu alionaka ile kitu, ata mutoto wa directeur. Bureau muzima ilipiga kelele « Distinction! », Mama Victoire aliimba kinande kwa sauti ya kuita kijiji, mais sucré ilikuwa mezani na hakuna mutu aliigusa. Tulikuwa tumejifunza. Mama Marie-Jeanne alipigia kwanza Maliro, akamusomea kila kitu, ata mistari ya chini. Tulingoja. Muzee alicheka mupaka akakohoa. « Sasa kunyweni », akasema.

Tangu siku hiyo mulango wa ngambo haujafungwa. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, barabara zimefungwa na kufunguliwa, mulango wetu hapana. Neno lile halijarudi tena ku maison. Na « kukalia mikono », yenye ku nyumba zingine ni tusi ya muvivu, kwetu ni cheo. Mufanyakazi mupya haguse feza mbele Papa Djuma hajamuona amekalia mikono yake bila kulalamika. Mimi nilipita mara ya kwanza. Yeye anasemaka mara ya nne. Ni uzee.

Alienda Oicha kila musimu wa kakao, akakaa na balimaji, akabafundisha kuleta pièce na udongo wake. Bakamuuliza: ni kazi gani hii, unalipwa juu ya kukataza batu kuosha? Akabajibu kwamba Mungu alimuadhibu kwa kumupa kazi yenye anaiweza kupita bote na kumukataza kuifanya. Balicheka, mais baliacha kuosha. Leo kakifurushi kakitoka Oicha tunakafungua na heshima, uchafu na yote.

Adhabu ile ililipiwa na sufuria za Mama Rachida, bibi yake. Kila kitu mikono yake ilinyimwa Butembo, ilienda kulipiza nyumbani ku Beu siku za mapumziko. Mama Rachida anasema hapikake tena bila kujiona uso, na siku amekasirika anajua mbele ya kila mutu. Tunamushukuru kwa kutukopesha mume wake. Tunamurudishia kamili, na tumbo imezidi.

Mama Victoire leo anaishi hapa Butembo, juu vita ilimutoa Alimbongo. Alikimbia na batoto, sufuria moja, na nzovu ya baba yake ndani ya kasanduku yake. Bandugu yake, benye balikuwa banasema ni bati, sasa banamuomba awaonyeshe batoto yao. Iko hapa leo, kiti ya mbele. Alileta biazi. Hajaisahau ile jua.

Papa Djuma, maison imetafuta zawadi. Bamoja balisema saa ya mukono, bengine suti. Mimi nilisema munakosa, na munajua mimi sikosake. Ile kifurushi mezani, yenye unaiangalia tangu mwanzo, ni makopo ya dawa ya kung'arisha chuma na bitambaa ya kukutosha miaka yako yote yenye kubaki. Na njee, kwa mulango, mwipwa wako Bilali amesimamisha Fuso yake mupya yenye itakupeleka Beu. Iko na matope toka ku taa mupaka ku vyuma vya nyuma. Tulimukataza asiioshe. Ile pare-chocs haiko na namba, haitaenda ngambo, hakuna bingwa ataiangalia na kioo.

Kwa ile miaka yote, kwa jina ya maison yenye ulilivunja na ukalirudisha na mikono ile ile: wasingya kutsibu, aksanti sana, Mungu akulipe. Njia ya Beni ikufungukie, afya ikufuate, wajukuu bakuchoshe.

Mbele ya pilao, tunaomba batu bote, ata bageni, bakalie mikono yao kidogo, kimya, juu ya heshima yake. Bote, isipokuwa mutu mumoja.

Papa Djuma, wewe toa yako.

Gracien, kwa jina ya bote ya Maison Tundu